Udongo Uani, Basi Mlangoni

Vudee, Same
4 Machi 1956

Baba Justa,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo. Mama yako hajambo isipokuwa kifua chake kile kile, na Justa amerudi shule. Mvua za vuli zilibomoa ukingo wa ndiva, watu wakaujenga upya Januari ulipokwisha ondoka, na sasa bwawa linajaa na maji yanafika shambani kama kawaida. Hizo ndizo habari za hapa. Sasa nakuja kwenye langu.

Miaka yote umekuwa ukiniita Dar es Salaam nami nakataa. Nimekwambia joto litaniua, nimekwambia siwezi kununua mchicha kana kwamba sina mikono, nimekwambia chumba chako cha Kariakoo ni cha kuweka magunia na si cha kuweka mke. Krismasi uliponiuliza tena nilikujibu kwa kukuongezea makande. Basi sasa nasema nitakuja. Usiniulize kilichonigeuza. Wanawake nao huchoka, na mimi nimechoka na mlima.

Lakini siji Kariakoo. Nitafutie nyumba yenye udongo, hata uwe wa migomba mitatu na tuta la maharage, mahali penye nafasi, ambapo mtu akipiga chafya jirani hamwambii pole. Na basi lisimame mlangoni. Sisemi karibu na mlango, nasema mlangoni. Nikikaa kizingitini nilione likija, na nikiinuka nilifikie kabla halijaondoka. Na njia ya kulifikia iwe tambarare.

Najua utacheka. Cheka, halafu utafute.

Mkeo,
Eliwaza


Vudee
6 Machi 1956

Wifi yangu Dorkasi, huko Mhezi,

Nimemwandikia kaka yako. Nimemwambia nitakwenda kwake mjini, na sikumwambia kwa nini. Nawe usimwambie. Nakuomba tena kama nilivyokuomba siku ile uliponiona nimelala na miti imefungwa kuanzia kiunoni hadi kwenye kifundo.

Mfupa umeunga, lakini umeunga vibaya. Mguu mmoja sasa ni mfupi na nyonga haikunjiki. Ndani ya nyumba najikongoja kwa ukuta. Nje siendi. Unaijua nyumba yetu ilivyokaa: ukitoka mlangoni ni kushuka, na ukishashuka ni kupanda. Kanisani ni kupanda. Shambani ni kushuka. Hata chooni nashikwa mkono na mama yako, mwanamke mzee mwenye kifua. Naona haya mpaka natamani nisile.

Lakini waliponishusha kwa machela kwenda kwa daktari wa Same, waliniweka kwenye benchi pale stesheni wakaenda kutafuta chai. Nikachukua mkongojo wangu nikasimama. Wifi, nilitembea. Nilitoka benchi moja nikafika la pili, peke yangu, kwa sababu chini palikuwa sawa. Nilikaa pale nikalia na watu wakadhani nimefiwa. Kumbe kilichoniweka ndani si mguu tu, ni mlima.

Ndiyo maana nataka Dar es Salaam. Uwanda, na basi la kunipeleka kule mguu usikofika. Na udongo, kwa sababu kupalilia naweza nikiwa nimekaa, na nisipolima nitakuwa mwehu.

Utaniuliza kwa nini simwambii mwenyewe. Kwa sababu namjua. Akisikia tu ataacha kazi na kupanda gari siku hiyo hiyo. Atakuja kunibeba mgongoni, atafanya hivyo kwa moyo mweupe, na tutakuwa watu wawili ndani ya nyumba tunaangalia mvua. Mimi nitakuwa nimekwisha, na yeye nitakuwa nimemmaliza. Tena atauliza niliangukia wapi. Unajua nilikwenda kazi ya kijiji, msaragambo wa ndiva, kushika zamu ya nani.

Anitafutie nyumba kwanza. Nikishafika, ataona kwa macho yake.

Wifi yako,
Eliwaza


Dar es Salaam
25 Machi 1956

Mama Justa,

Nimecheka kama ulivyosema. Nimecheka mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza kama nimepandishwa cheo. Wewe Eliwaza, unayepanda kutoka Same hadi Vudee na mzigo wa chumvi kichwani huku unaimba, leo unataka basi likusubiri mlangoni kama bibi wa Gavana! Nikamwonyesha barua, naye akasema, "Ndugu, huyo mkeo anataka nyumba ya Uzunguni."

Na kweli ni hivyo. Nyumba unayoitaka nimeiona. Zipo nyingi kule pwani ya kaskazini, kila moja imekaa katikati ya bustani yake, barabara nyeupe inapita mbele, kimya mpaka unasikia jani likianguka. Lakini kule mtu wetu huingia akiwa na fagio na jioni hutoka.

Lakini furaha yangu nitaisemaje? Nimeungoja mwaka huu tangu Justa hajaota meno. Kila Jumamosi tukitoka kiwanda cha chapa adhuhuri nanawa wino, natoka kutafuta. Macho yamechoka na kupanga herufi juma zima, na sasa miguu nayo inaanza kulalamika.

Nimekwenda Ilala. Basi lipo, tena zuri, kila mara linapita. Lakini nyumba zimeshikana mabega, na uani kwenyewe kuna mafiga ya watu sita. Nikamwuliza mwenye nyumba mahali pa kupanda mgomba. Akanionyesha debe.

Nimekwenda Temeke. Kuna nafasi na upepo, na majirani wangekufaa. Basi huja asubuhi likaja tena jioni, na katikati hapo mtu anajitegemea mwenyewe. Nimekwenda Kinondoni pia, nikatembea kwenye mchanga mpaka viatu vikajaa, nikakuta udongo mzuri na mwenyeji mzuri, na kituo cha basi kilikuwa karibu tu. Hapo nimepapenda. Niambie nikupangie.

Mji huu una tabia moja nimeigundua. Penye basi hapana udongo, na penye udongo hapana basi. Nadhani waliopima barabara na waliopima viwanja hawakuwahi kukaa meza moja.

Mpe Mama shikamoo yake.

Mumeo,
Simeoni


Vudee, Same
8 Aprili 1956

Baba Justa,

Pole na miguu. Naisema pole hii nikijua miguu inavyoweza kumchosha mtu.

Hiyo Kinondoni, niambie vizuri. "Karibu tu" yako nimezaliwa nayo. Ni karibu ya huku kwetu: mtu yuko ng'ambo ya bonde, unamwona anachanja kuni, unamwita anaitika, mnasalimiana mpaka mnamaliza habari za watoto, halafu ukitaka kwenda kumshika mkono unashuka na kupanda mpaka jua linainama. Na ukifika unasema umetoka jirani. Kwa karibu ya namna hiyo sihitaji kuhama.

Kwa hiyo nakuuliza kama mtu anayeuliza bei. Kutoka kizingitini hadi pale basi linaposimama, mama mjamzito wa miezi tisa atafika bila kupumzika? Mama yako akienda na kifua chake atafika? Kuna mchanga wa kuzama? Kuna mtaro wa kuruka? Mvua ikinyesha, njia inabaki njia au inakuwa mto? Haya niandikie moja moja.

Usiseme nimekuwa mgumu. Nilikuwa mgumu zamani, nilipokuwa nakataa kuja.

Mkeo,
Eliwaza


Dar es Salaam
6 Mei 1956

Mama Justa,

Masika imetushika. Bonde la Msimbazi limejaa maji, na nguo hazikauki. Barua yako ilinikuta na homa, ndiyo maana nimechelewa. Sasa nimepona, lakini sina nguvu ya maneno mazuri, kwa hiyo nisamehe nikisema wazi.

Eliufoo, yule jirani yetu wa chini ya shule, amekuja mjini kutafuta kazi ya bandarini. Nikamwuliza habari za nyumbani. Akazungukazunguka, mwisho akanipa maneno ya Mama: "Mwambie mwanangu mkewe siku hizi hashuki wala hapandi. Amekaa." Nikamwuliza, amekaa vipi? Akasema haonekani shambani, haonekani kanisani, pembe ya msaragambo inalia na nyumba ya Simeoni haitoi mtu. Nikamwuliza kama unaumwa. Akaangalia chini, akasema yeye ni mtu wa chini ya shule, mambo ya juu hayajui.

Eliwaza, nimeumia. Nyumba yetu haijakosa mtu kwenye msaragambo tangu baba yangu akiwa hai. Tukinyimwa zamu ya maji, Mama atakula nini? Nilikaa kitandani nikasoma barua zako zote mbili tena, nikaona kitu ambacho sikutaka kukiona. Nikileta nyumba yenye udongo, unataka basi. Nikileta basi, utataka kimya. Nikileta kimya utaniuliza kama mwezi unawaka vizuri. Huji. Ulikuwa huji tangu mwanzo, ila safari hii umeona ni heshima kunikatalia kwa masharti. Na huko mlimani umekaa kitako, unawaambia watu wewe sasa ni mke wa mjini.

Basi nimeamua. Kuna mzee mmoja wa Tabata amenigawia kiwanja katika shamba lake. Udongo mweusi, Eliwaza, nimeushika mkononi na unashikana kama wa kwetu. Kuna minazi, kuna nafasi ya mbuzi, jirani wa kwanza humsikii hata akipigana na mkewe. Nimekwisha simamisha miti na kuta mbili nimezikandika mwenyewe, Jumamosi na Jumapili baada ya ibada, kwenye mvua. Basi liko Buguruni. Ukisimama kwenye mnazi wa mbele unaona vumbi lake wakati wa kiangazi. Ni mwendo wa kawaida wa mtu mzima asiye mvivu.

Ukija, njoo. Usipokuja, nitajua.

Simeoni


Vudee, Same
20 Mei 1956

Simeoni,

Sitembei.

Nimeandika neno hilo na nimeliangalia. Nilikuwa nimeficha, na nilitaka ulione ukiwa umekwisha nipokea. Lakini mvivu sikubali kuitwa, hata na wewe.

Ulipoondoka baada ya Krismasi, pembe ya msaragambo ililia kwa ajili ya ule ukingo wa ndiva. Unajua sheria. Kila nyumba itoe mtu, na nyumba isiyotoa mtu haipati zamu ya maji. Wanaume ndio hubeba mawe na wanawake hubeba udongo. Nyumba yetu haina mwanamume, mwanamume wake anapanga herufi Dar es Salaam. Mama yako akasema atakwenda yeye. Nikamwambia akae. Nikaenda, na kwa kuwa nilishika zamu ya mwanamume nikabeba jiwe. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka wasiseme nyumba ya Simeoni imetoa nusu mtu. Ukingo ulikuwa umelowa, nikateleza nalo hadi chini.

Mguu umeunga mfupi. Nyonga haikunjiki. Ndiyo maana hatujatoa mtu tangu wakati huo, na wanakijiji, Mungu awabariki, maji hawajatunyima. Niliwaomba wote wanyamaze. Eliufoo alinyamaza vizuri kuliko wote, na kunyamaza kwake ndiko kulikoniponza.

Nilikuficha kwa sababu ungerudi. Hata sasa najua umekwisha simama unatafuta sanduku. Kaa chini. Nakukataza. Nakukataza kama mkeo, na kama mtu aliyelala miezi hii akiangalia moshi ukitoka darini. Ukirudi hapa utanihudumia vizuri sana, na mimi nitakufa nikihudumiwa. Mlima huu nimeuimbia na kuubebea mizigo, lakini sasa umenifunga. Njia ya kutoka ni mahali palipo sawa, na gari la kunibeba lisilokuwa mgongo wa mtu.

Tabata yako ni nzuri. Nimeuona huo udongo kwa maneno yako, na nimelia, kwa sababu ulikandika kuta kwenye mvua nami siwezi kuzifikia. Lakini ukiniweka huko umenirudisha hapa hapa, bila hata mama yako wa kunishika mkono.

Nilikuandikia kwa hasira. Hasira imekwisha kabla karatasi haijaisha. Imebaki kuchoka tu.

Eliwaza


Dar es Salaam
17 Juni 1956

Mke wangu Eliwaza,

Sanduku lilikuwa limefungwa. Ulijua. Nililifunga kabla sijamaliza kusoma, nikaenda kwa bwana mkubwa kuomba ruhusa, nikasimama nje ya mlango wake na barua yako mfukoni. Halafu nikasoma tena pale uliponiambia nikae chini. Nikarudi kwenye meza yangu nikakaa. Sijawahi kukutii katika jambo gumu kama hilo, na siku ile nilipanga herufi vibaya mpaka ukurasa mzima ukavunjwa.

Neno nililokuita siwezi kulifuta. Nimelitazama kila upande na halina upande mzuri. Ulibeba jiwe langu, Eliwaza. Mimi nilikuwa hapa nawatania wenzangu kwamba mke wangu anataka basi kama bibi wa Gavana.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nilinunua mkongojo. Nikafunga goti kwa kitambaa na kipande cha ubao lisikunjike, nikaanza kutafuta upya. Kila nyumba niliyoonyeshwa nilitoka kizingitini kwa mkongojo mpaka kwenye basi, na nilipofika nikapanda. Ndipo nikajua mji huu sijawahi kuuona. Mchanga, mitaro, ngazi za basi zenyewe! Ngazi ya kwanza iko juu sana, na mkono wa kushikia uko mahali pasipofaa. Kinondoni niliyoisifu nilianguka njiani, na mwanamke mmoja muuza maandazi akaniinua akinipa pole. Nilipokea pole iliyokuwa haki yako nikiwa mzima, nikaona haya kupita kiasi.

Kuna kondakta mmoja anaitwa Athumani, wa basi la Magomeni. Siku ya kwanza alinipandisha kwa kunishika kiwiko. Siku ya pili aliniona mjini natembea sawasawa, akanifokea mbele ya watu kwamba namfanyia mchezo. Nikamweleza. Akasema, "Basi usitafute kwingine. Kuna nyumba ya Mzee Swalehe, kituo kiko ubavuni mwake. Huyo mama akitoka nitamwona, na dereva nitamgongea bati asubiri."

Nimekwenda. Mzee Swalehe ni mgane, wanawe wako Bagamoyo, anakaa vyumba vya mbele na anapangisha vya nyuma. Aliponiona natoka mlangoni mwake kwa mkongojo hadi kituoni na kurudi, mara nne, akaniuliza mguu umepatwa na nini. Nikamjibu, "Mguu si wangu, Mzee, ni wa mke wangu." Akaniangalia sana. Akasema, "Kumbe. Basi tembea tena, uwe na hakika."

Sikufichi ubaya wake. Si kimya. Basi linaguruma mlangoni alfajiri mpaka jioni, na Jumamosi kuna ngoma. Nyumba zina nafasi kati yake, lakini si nafasi unayoijua wewe, na jirani akipiga chafya utamsikia vizuri. Udongo ni mchanga. Uani kuna kipande ambacho ukitandika mikeka miwili kimekwisha. Mzee Swalehe anasema unaweza kukilima chote isipokuwa pale penye mpapai wake. Lakini ni sawa, Eliwaza. Kutoka kizingitini hadi kwenye basi ni sawa kama meza, na nimepitisha mkongojo kila mahali.

Kuta za Tabata nimemwachia mwenye shamba afugie mbuzi. Nilikwenda kuziaga, nikaziegemea, basi.

Nimechoka, mke wangu. Lakini nimeweka kitanda.

Mumeo,
Simeoni


Vudee, Same
1 Julai 1956

Baba Justa,

Nakuja. Hezroni, mume wa Dorkasi, na vijana wa kanisa watanishusha kwa machela hadi Same. Kutoka hapo ni gari moshi hadi Korogwe, basi hadi Morogoro, na gari moshi tena. Hezroni atanifikisha Morogoro, na kuanzia hapo nataka kuja peke yangu. Usimwandikie kumwambia vingine.

Justa atabaki amalize mwaka wa shule, alale na bibi yake. Mama yako ameniuliza usiku na mchana nani atamshika mkono mke wa mwanawe katika mji wa watu. Leo asubuhi ameacha kuuliza. Amekaa jikoni ananikaangia mahindi ya safari na hasemi na mtu. Nilipomwambia shikamoo, aliitikia akiwa amegeuza uso. Amenichosha na kunipenda, nami nimemchosha zaidi.

Neno ulilosema hulazimiki kulifuta. Mimi ndiye niliyekunyima macho.

Ila nakuomba jambo moja. Stesheni, hata ukiniona naanguka, usinibebe mbele za watu. Simama hapo hapo ulipo, mimi nitafika.

Eliwaza


Magomeni, Dar es Salaam
16 Septemba 1956

Wifi yangu Dorkasi,

Salaam kwako na kwa Hezroni. Mwambie asiote ndoto mbaya, nilifika, na kaka yako alisimama pale alipo kama nilivyomwagiza, isipokuwa alilia kwa sauti mpaka askari wa stesheni akaja kuuliza. Mimi nikafika kwake. Nilichukua muda, lakini nilifika.

Usidhani nimefika peponi. Joto hili si la kuandikwa. Migomba niliyoleta imekufa yote, mchanga umeinywa. Nina matembele tu na bamia kidogo, napalilia nimekaa juu ya kigoda, na Mzee Swalehe anakaa chini ya mpapai wake akinifundisha kilimo cha pwani ambacho sikukiomba. Ngoma za Jumamosi zinanipasua kichwa. Nyonga inauma kila jioni, na kaka yako anarudi na macho mekundu ya wino na taa, tunakula bila maneno mengi, tunalala. Wakati mwingine nasikia harufu ya moshi wa kuni za mtu, nakumbuka kwetu, na siongei mpaka asubuhi. Tumechoka, wifi, wote wawili. Mtu akikwambia mji unapumzisha, hajaja.

Lakini nataka nikuandikie habari ya Alhamisi.

Nilikuwa nimekwenda zahanati kwa ajili ya dawa ya maumivu. Naenda mwenyewe sasa. Natoka kizingitini, Athumani anaona, anagonga bati, dereva anangoja, na abiria wanaguna kidogo halafu wananyamaza. Ngazi ile ya kwanza bado ni adui yangu, ila napanda kwa makalio kwanza, na nimekoma kuona haya. Basi siku hiyo nilipata dawa, nikapanda basi la kurudi nikakaa dirishani. Likafika Magomeni, kwenye kituo changu. Athumani akaniangalia. Mimi nikaangalia mbele.

Sikushuka. Sijui nikwambieje. Hakukuwa na haja yoyote. Nikaenda mpaka mwisho wa njia, likageuza, likarudi mjini, nikashuka nikapanda la Ilala, na la Ilala lilipofika mwisho nikamwuliza kondakta linakwenda wapi tena, akasema linarudi, nikamwambia haya. Nikaona shule, nikaona watu wanajenga, nikaona mwanamke amebeba kabati kichwani peke yake. Nilikula machungwa. Hakuna aliyenishika mkono siku nzima, na hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Ningeulizwa ningekosa jibu.

Kumbe siku hiyo mtambo wao uliharibika kiwandani, na kaka yako akarudi mapema. Alikuta mlango umefungwa. Akaita, kimya. Akazunguka uani, akaona kigoda na jembe langu, mimi sipo. Akamwuliza Mzee Swalehe, hajui. Akawauliza majirani mpaka wa mtaa wa pili, hawajui. Niliposhuka jioni alikuwa kituoni, shati limelowa jasho, akanifokea kwa Kipare mbele ya basi zima: nilikuwa wapi, nimetafutwa kila mahali, mtu hajui kuaga! Nilisimama na mkongojo wangu nikamsikiliza. Wifi, nilicheka mpaka nikashika nguzo ya kituo. Na yeye aliponiona nacheka, akaelewa, akakaa chini pale pale barabarani akafunika uso.

Tangu Januari, kila aliyebisha hodi mlangoni kwangu alinikuta. Alhamisi mume wangu alibisha hodi, na hakunikuta.

Wifi yako,
Eliwaza